Alifuta Kisu: Alikichomoa au Alikipangusa?



Msikilizaji wetu mmoja, kijana wa sekondari, ameniandikia akiniuliza neno la Kiingereza "unsheathe" lina maana gani na limetoka wapi. Anasema amelikuta katika kitabu cha hadithi, amemuuliza mwenzake, mwenzake naye akamwambia kuwa ni neno la zamani lisilo na kazi tena, aliruke tu aendelee kusoma. Kijana hakuridhika. Nampongeza kwa kutoridhika kwake, maana mtu anayeruka maneno ni kama mtu anayeruka ngazi gizani. Siku nyingi atafika salama, lakini iko siku hatafika.

Kabla sijamjibu, niungame kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana niliyeajiriwa karibuni kutafsiri habari, nililetewa habari ya Kiingereza iliyohusu ujambazi katika mji mmoja wa ng'ambo. Ilisema kwamba jambazi aliingia dukani, na kwa Kiingereza chao, "he drew a knife". Mimi nilijua neno "draw" tangu darasa la tatu, mwalimu alipokuwa akituambia tuchore embe na nyumba. Sikuona sababu ya kufungua kamusi. Nikaandika bila wasiwasi wowote kwamba jambazi aliingia dukani, akachora kisu, kisha mwenye duka akampa fedha zote.

Mhariri wetu, mzee mmoja wa pwani aliyekuwa na subira ya mvuvi, aliisoma mara mbili. Kisha akaniita.

"Mwanangu, huyu jambazi ni msanii?"

"Hapana, Mzee."

"Basi mwenye duka aliogopa picha?"

Nilinyamaza. Akachukua kalamu yake nyekundu, akakata neno "akachora" na juu yake akaandika "akafuta". Nikakubali kwa kichwa, nikarudi kwenye kiti changu, na huko nikazidi kuchanganyikiwa. Kwangu mimi, mtoto wa bara, kufuta kulikuwa kufuta ubao, kufuta jasho na kufuta machozi. Sasa huyu jambazi ameingia dukani akafuta kisu, yaani amekipangusa vumbi? Niliona haya kurudi kuuliza. Ilinichukua wiki nzima kufahamu kwamba mzee alikuwa amenisahihisha kwa Kiswahili safi, na kwamba aliyekuwa hajui Kiswahili ni mimi.

Sasa tumjibu kijana wetu. Neno "unsheathe" maana yake ni kutoa upanga, jambia au kisu katika ala yake. Kwa Kiswahili twasema kufuta upanga au kuchomoa upanga. Neno lenyewe lina vipande viwili. Kipande cha mwisho kimetokana na "sheath", yaani ala, ule mfuko au kiota ambamo upanga hukaa usiote kutu na usimkate mwenyewe. Kipande cha mwanzo, "un-", ni kile kinachogeuza kitendo kirudi kinyume. Kwa hiyo "sheathe" ni kutia alani, na "unsheathe" ni kutoa alani. Waingereza wanalitumia neno hili tangu karne ya 14, yaani kabla hata Shakespeare hajazaliwa mwaka 1564.

Hapo hapo tuone jinsi lugha zinavyofanya kazi ile ile kwa njia mbalimbali. Mwingereza akitaka kugeuza kitendo, hubandika kipande mbele ya neno. Sisi tunakitia nyuma. Twasema funga, kisha fungua. Ziba, kisha zibua. Kunja, kisha kunjua. Tega, kisha tegua. Na twasema chomeka, kisha chomoa. Kwa hiyo mtu anayesema "amechomoa kisu" ametumia ufundi ule ule uliomo ndani ya neno "unsheathe", ila yeye ameuweka mwishoni mwa neno. Mtoto wa Kariakoo anayechomoa mwiba mguuni anaijua sarufi hii barabara, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Hata hiyo "un-" ya Mwingereza ina mtego wake. Zipo mbili zinazofanana kwa sura. Moja ni ya kukanusha, kama katika "unhappy", yaani asiye na furaha. Nyingine ni ya kugeuza kitendo, kama katika "unlock", yaani kufungua kufuli. Kwa asili ni vipande viwili tofauti, ambavyo baadaye vimekuja kufanana. Ile ya kugeuza kitendo ina ndugu yake katika Kijerumani, "ent-", na ile ya kukanusha ina ndugu yake katika Kilatini, "in-". Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba kila palipo na "un-" pana neno "si".

Je, "sheath" lenyewe limetoka wapi? Ni neno la kale sana katika Kiingereza, na lina ndugu katika lugha za jirani. Mjerumani husema "Scheide", Mholanzi husema "schede". Wataalamu wa asili za maneno wanalihusisha na shina la kale lenye maana ya kupasua au kutenganisha. Maelezo yao ni kwamba ala za mwanzo zilikuwa kipande cha mti kilichopasuliwa katikati, upanga ukawekwa ndani. Katika Kijerumani shina hilo bado li hai katika neno "scheiden", yaani kutengana, na talaka kwao ni "Scheidung". Wataalamu hao hao wanalihusisha shina hilo la kale na neno la Kilatini la kujua, ambalo ndilo lililozaa neno sayansi. Fikra iliyomo humo ni kwamba kujua ni kupambanua, kutenga kitu hiki na kile. Naomba mlishike hilo neno kupambanua, nitalirudia.

Na kama mnadhani habari hizi za ala ziko mbali na jikoni kwenu, nitawapa mfano mmoja. Neno vanila, ile tunayotia katika keki na aiskrimu, limetoka katika Kihispania, "vainilla", maana yake ala ndogo. Zao hili asili yake ni Meksiko, na Wahispania walipoliona ganda lake refu na jembamba, waliona limefanana na ala ya kisu. Leo wakulima wa Kagera, wa Uganda na wa Komoro wanauza ala ndogo hizo, wengi wao bila kujua kwamba jina lake lilitoka kiunoni mwa askari.

Tuje sasa kwa "draw", lile lililonitia aibu. Hili ndilo Mwingereza hulitumia kila siku kwa kufuta upanga, kuliko "unsheathe". Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale, "dragan", maana yake kuvuta. Humo humo wamo kuvuta maji kisimani, kuvuta pazia na kuvuta pumzi. Kuchora nako kumetoka hapo, kwa sababu mchoraji huvuta kalamu juu ya karatasi. Angalieni tofauti yetu: kwetu sisi kuchora kulianza na kukwaruza na kukata alama katika mti au kitu kigumu, kama wafanyavyo mafundi wa milango ya Lamu na Zanzibar. Mwingereza picha yake ameivuta, sisi picha yetu tumeichonga. Ndiyo maana neno lake moja linabeba picha na kisu pamoja, na letu halibebi.

Na neno hilo la Mwingereza limekwisha kuingia nyumbani kwetu bila hodi. Droo ya meza ni kile kinachovutwa. Droo ya kombe ni kuvuta vikaratasi ili kujua nani atacheza na nani. Na timu zikitoka sare, wako watangazaji wanaosema zimetoka droo. Kwa hiyo Mswahili asiyejua neno moja la Kiingereza anaweza kutaja "draw" mara tatu kabla ya chai ya asubuhi.

Yapo maneno mawili basi, na hayalingani. "Unsheathe" ni lazima pawepo ala. "Draw" halina sharti hilo. Unaweza kukitoa kisu mfukoni, kiunoni au chini ya gunia. Kwetu nako iko tofauti ya namna hiyo. Kufuta ni neno la silaha yenye makao yake: upanga, jambia, sime. Kuchomoa ni kwa chochote kilichochomekwa mahali. Na panga la mkulima, ambalo kwa kawaida halina ala, hulishika tu mkononi au hulibana kwapani, halifuti. Neno panga lenyewe, kwa faida yenu, limekwisha kuingia katika kamusi za Kiingereza likiwa neno letu.

Nasema haya kwa sababu kufuta upanga kwa watu wa kale hakukuwa jambo la mikono tu, kulikuwa kauli. Upanga alani ulisema: nina nguvu, lakini tuzungumze. Upanga nje ya ala ulisema kwamba mazungumzo yamekwisha. Tazameni nembo ya Oman, ambayo imo pia katika bendera yao ya mwaka 1970. Jambia limo ndani ya ala yake. Katika Injili, Petro alipomkata sikio mtumishi wa Kuhani Mkuu kule bustanini, aliamriwa aurudishe upanga wake. Waliotafsiri Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 walichagua kitenzi futa kwa kitendo cha Petro, na walijua walichokifanya. Na wale waliosoma tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1963, watakumbuka jinsi Oktavio anavyofuta upanga mbele ya wauaji wa Kaizari na kuapa kwamba hautarudi alani mpaka majeraha ya Kaizari yalipiwe kisasi. Anayefuta upanga hutakiwa kujua pia lini ataurudisha.

Sasa, ndugu wasikilizaji, kuna mtu ataniuliza: haya yote yananihusu nini mimi ninayegombania daladala saa kumi na moja alfajiri? Yanakuhusu siku utakaposimama kizimbani, au siku utakapokuwa shahidi.

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, sina mtu ninayemlenga. Mama muuza samaki anasimama mbele ya hakimu. Fedha zake zimeibwa sokoni, na aliyeshitakiwa ni kijana aliyekuwa akisaidia kupaa samaki katika meza ya jirani. Mama anaulizwa kijana alifanya nini. Anajibu: "Alifuta kisu, akanitazama, kisha akachukua zile fedha." Basi, ameshuka.

Alifuta kisu. Kama mama huyu ni mtu wa pwani aliyelelewa na bibi yake, huenda anasema kijana alikitoa kisu alani akamtishia nacho. Kama anazungumza kama wengi wetu tunavyozungumza leo, huenda anasema kijana alikipangusa kisu magamba ya samaki, kama afanyavyo mara mia kwa siku. Kwa maana ya kwanza, kijana alitumia kisu kumtia mama hofu ndipo akachukua fedha. Kwa maana ya pili, ni mwizi, na kwa wizi aadhibiwe, lakini kisu kilikuwa kitendea kazi chake tu. Katika sheria ya Tanzania, kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha lina kifungo kisichopungua miaka 30, na ili kosa hilo litimie ni lazima pawepo nguvu au tishio. Wizi wa kawaida hauna adhabu kama hiyo. Miaka hiyo yote, ndugu zangu, inaning'inia kwenye herufi nne: f, u, t, a.

Kwa miaka mingi hatari hii ilikuwa kubwa zaidi kuliko watu walivyodhani. Katika mahakama zetu nyingi zilizo juu ya mahakama ya mwanzo, shahidi alisema Kiswahili na kumbukumbu iliandikwa kwa Kiingereza. Hakimu alisikia kwa sikio la Kiswahili na mkono wake ukaandika Kiingereza, papo hapo, kwa kalamu, huku mawakili wakimsubiri. Kiingereza hakina neno linalobeba maana zote mbili za futa. Ilikuwa lazima hakimu achague: ama aandike "drew", ama aandike "wiped". Akishaandika, lile lingine limekufa. Rufaa ikikatwa, majaji wa juu hawamsikii mama muuza samaki. Wanasoma karatasi, na karatasi inasema kisu kilitolewa. Hakuna atakayejua kwamba palikuwa na njia panda.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Mimi nililifurahia jambo hilo, na nadhani mzee wangu mhariri angelifurahia kuliko mimi. Sasa neno la shahidi linaweza kubaki kama alivyolitamka. Lakini tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Neno likibaki "alifuta kisu" katika kumbukumbu, msomaji wa Pangani atasoma lake na msomaji wa Dodoma atasoma lake. Tumeondoa hatari ya tafsiri mbaya. Hatari ya kutokuelewana sisi kwa sisi bado tunayo, na pengine imejificha zaidi, kwa maana kila mmoja anaamini kwamba amesikia lugha yake mwenyewe.

Dawa yake ni swali moja tu. Askari anayeandika maelezo, karani, mkalimani, wakili au hakimu, anaposikia "alifuta kisu", aulize: "Alikifuta kutoka wapi?" Kama kilitoka kiunoni au alani, shahidi atasema. Kama kilifutwa kwa kitambaa au kwa suruali, atashangaa na kusema, "Hakikutoka popote, kilikuwa mkononi mwake, alikuwa akikipangusa." Swali hilo halichukui nusu dakika. Ndiko kupambanua nilikowaomba mkushike.

Na wewe raia una kazi yako. Ukitoa maelezo popote, usitie sahihi wala dole gumba kabla hujasomewa yaliyoandikwa kwa lugha unayoielewa. Ukisikia neno ambalo hukulikusudia, sema. Usione haya kama nilivyoona haya mimi siku ile ofisini. Haya yangu ilinigharimu wiki moja ya kuchanganyikiwa. Haya ya shahidi inaweza kumgharimu mtu mwingine ujana wake wote.

Wako watakaosema kwamba suluhisho ni kuliacha neno futa kwa maana ya upanga, kwa kuwa vijana hawalijui tena, tubaki na chomoa. Sikubaliani nao. Kijana wa leo anafuta ujumbe katika simu, mahakama inafuta kesi, bodi inafuta matokeo ya mtihani, na hakuna aliyechanganyikiwa, kwa sababu jambo lililo karibu na neno hutufafanulia maana yake. Neno la wazee halina kosa. Kosa ni la sisi tunaolisikia nusu na kuliandika zima. Katika habari za magazetini, ambako hakuna nafasi ya kumuuliza shahidi, mwandishi na aandike "alichomoa kisu" akimaanisha hivyo, na "alipangusa kisu" akimaanisha hivyo. Hapo hata jambazi wangu msanii asingepata nafasi.

Kwa hiyo, kijana uliyeniandikia, jibu lako ni hilo. "Unsheathe" ni kufuta upanga, na limejengwa juu ya ala iliyotokana na mti uliopasuliwa. Mwambie mwenzako kwamba si neno la kurukwa. Na nyinyi nyote mnaoandika maneno ya watu wengine, iwe gazetini, kituoni au mahakamani, kumbukeni kwamba wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kalamu nayo ni ulimi, na aliyejikwaa nayo mara nyingi si yeye anayeumia.